Shati la Kioo: Jinsi Chembe za Sumaku Zinavyovikwa Silika

Kabla sijaanza nawategea kitendawili. Kitendawili! Nina askari mweusi asiyeonekana kwa jicho. Amevaa shati la kioo, na ukimwita kwa sumaku anakuja mbio huku amemshika mtu mkononi. Ni nani huyo? Najua wengine mmeshaanza kunipa mji. Ngojeni kwanza. Jibu nitalitoa mwishoni, maana kisa chenyewe kinaanzia mbali.

Kinaanzia mwaka wa 2020, nikiwa darasa la tano. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, nasi tulikuwa nyumbani hapa Matiliku tukichunga mbuzi na kungoja mvua. Baba yangu ni utingo wa lori la masafa marefu. Mwezi wa Mei mwaka huo lori lao lilikwama mpakani, upande wa Namanga. Hakuna dereva wala utingo aliyeruhusiwa kuvuka bila kupimwa, na majibu yalikuwa hayaji. Siku ya kwanza baba akapiga simu, "Tunangoja." Siku ya pili, "Tunangoja." Siku ya nne sauti ilikuwa imechoka, akasema wameambiwa ati dawa za kupimia zimekwisha, mpaka zije kwa ndege kutoka ng'ambo. Walikuwa wakilala chini ya lori. Nyumbani mama aliuza kuku wawili tupate unga. Susu, yaani nyanya yangu, aliuliza swali ambalo sikulisahau: "Dawa gani hiyo isiyoweza kupikwa hapa?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi pia sikuwa na jibu. Baba alirudi salama, shukrani kwa Mola, lakini swali la susu likabaki limening'inia kama kibuyu darini.

Mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, tulikuwa tukisoma kemia nikainua mkono nikamuuliza mwalimu swali lile lile. Akatabasamu. Akasema, "Kulikuwa na vitu vingi vilivyokwisha, lakini kimojawapo kilikuwa chuma na mchanga tu." Darasa zima likaangua kicheko. Chuma na mchanga! Mto wetu si umejaa mchanga mpaka malori yanapigania? Mwalimu hakucheka. Alisema, "Leteni mchanga kesho, na mmoja wenu alete sumaku." Hapo ndipo nilipojua kwamba sijui.

Sisi tunaosoma shule ya kutwa tuna bahati moja: tunavuka mto asubuhi na jioni. Nilichota mchanga kwenye mkebe wa maziwa. Sumaku niliipata kwa fundi wa redio pale sokoni, ameitoa katika spika iliyokufa. Tulianika mchanga ukakauka, tukaifunga sumaku katika mfuko wa nailoni na kuipitisha juu yake. Kumbe! Chembe nyeusi ziliruka zikaing'ang'ania sumaku, zikasimama kama nywele za nguruwe. Tulipouvua mfuko, chembe zikaanguka kwenye karatasi. Chini ulibaki mchanga mweupe unaometameta.

Mwalimu akatueleza. Zile nyeusi zinazorukia sumaku kwa nguvu ni magnetaiti, mawe ya chuma na oksijeni ambayo fomula yake ni Fe3O4. Zile nyeupe nyingi ni kwatzi, ambayo ni silika, SiO2. Silika ndiyo hiyo hiyo inayotengeneza vioo vya dirisha. Zote mbili zimemomonyoka kutoka kwenye miamba ya vilima vyetu kwa miaka isiyohesabika, zikabebwa na maji ya msimu mpaka mtoni. Nilipomsimulia susu alisema kwamba hilo si geni. Ati hata yeye akiwa mtoto alisikia wazee wakisema wahunzi wa Kikamba walikuwa wakikusanya mchanga mweusi mtoni baada ya mvua, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto, wakafua mishale na majembe. Pwani nako, katika kaunti ya Kwale, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga mzito mpaka mwisho wa mwaka wa 2024, na sumaku zilikuwa miongoni mwa mitambo iliyotenganisha madini yake. Kwa hivyo kutenga mchanga kwa sumaku ni kazi ya kweli wala si mchezo wa watoto.

Lakini chembe za mtoni ni kubwa mno kwa kazi ya maabara. Chembe tunazozizungumzia huitwa chembe za nano. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Ukizipanga chembe za nanomita 10 mstari mmoja, utahitaji 100,000 ndipo zijaze milimita moja ya rula yako.

Mtu atauliza, udogo huo una faida gani? Zipo mbili. Ya kwanza ni ukubwa wa ngozi. Chukua mchemraba wa sentimita 1 kila upande. Ngozi yake yote ni sentimita 6 za mraba, haitoshi kufunika kiganja. Sasa ukate vipande vya nanomita 10. Ngozi zote zikijumlishwa zitakuwa mita 600 za mraba, yaani zaidi ya viwanja vitatu vya voliboli! Kwa kuwa kazi ya chembe hizi ni kushika vitu kwa ngozi yake, chembe kidogo hushika vingi. Haba na haba hujaza kibaba.

Faida ya pili ni tabia ya usumaku wake. Magnetaiti ikiwa ndogo chini ya nanomita 20 hivi, huwa haikumbuki usumaku. Ukileta sumaku, inavutwa. Ukiondoa, inasahau, na chembe zinatawanyika tena majini. Chembe kubwa hubaki sumaku zenyewe, zikashikana mafungu mafungu. Chembe ndogo ni kama mwanafunzi mtiifu: kengele ikilia yuko mstarini, kengele ya kutoka ikilia hayupo.

Sasa tuingie jikoni. Chembe hizi hazisagwi kwa kinu, hupikwa. Njia inayotumiwa sana ilielezwa mwaka wa 1981 na mwanakemia Mfaransa, René Massart. Magnetaiti ina chuma cha aina mbili ndani yake, chuma(II) na chuma(III), kwa kipimo cha moja kwa mbili. Basi unachukua myeyusho wenye sehemu moja ya chuma(II) na sehemu mbili za chuma(III), unakoroga, halafu unatia amonia. Amonia ni besi. Papo hapo myeyusho unageuka mweusi ti kama masizi ya sufuria, na weusi huo ndio magnetaiti ya nano. Wanakemia wenzangu waandike hivi katika daftari:

Fe²⁺ + 2Fe³⁺ + 8OH⁻ → Fe₃O₄ + 4H₂O

Sisi tulijaribu Jumamosi moja mwalimu akiwa kando yetu na madirisha yote wazi, kwa maana amonia si kitu cha kunusa. Naomba msijaribu peke yenu. Mara ya kwanza tulitia amonia tukapata tope la kahawia kama chai iliyomwagika. Tukaleta sumaku ya spika. Wapi! Tope halikutikisika. Wenzangu wakaanza kunicheka, ati profesa wa kutu.

Mwalimu alituambia tuitazame chupa ya chuma(II) salfeti. Fuwele zake zinatakiwa ziwe za kijani hafifu, lakini zetu zilikuwa za manjano na kahawia. Zilikuwa zimekaa sana zikala hewa, chuma(II) kikageuka chuma(III). Kipimo cha moja kwa mbili kilikuwa kimeharibika kabla hatujaanza. Tukanunua dukani waya wa chuma wa kusugulia sufuria, mwalimu akauyeyusha katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, tukapata chuma(II) kibichi. Tukarudia. Safari hii myeyusho ukawa mweusi, na sumaku ilipoguswa kando ya neli, weusi wote ukakimbilia upande huo, maji yakabaki meupe. Tulipiga makofi mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Furaha yetu ilikuwa ya nyasi kavu, haikudumu. Tulimwaga matone machache ya asidi ya haidrokloriki kwenye neli moja, na kidogo kidogo weusi ukayeyuka yakabaki maji ya manjano. Neli nyingine tuliiacha wazi kabatini likizo ya Aprili. Tuliporudi ilikuwa imefifia kuwa ya kahawia, chembe zimeshikana chini kama mashapo ya busaa. Ndipo mwalimu akauliza, "Askari aliye uchi vitani atadumu?"

Hapa ndipo silika inapoingia, na hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Chembe ya magnetaiti ina nguvu lakini haina stara. Hewa huila, asidi huiyeyusha, na chembe zenyewe hugandamana. Silika haina nguvu ya sumaku hata chembe, lakini ni mvumilivu. Hewa haimwezi, asidi nyingi hazimwezi. Tena katika maji ya kawaida ngozi ya silika huwa na chaji hasi, na chaji za aina moja husukumana. Kwa hivyo chembe zikishavikwa silika hukimbiana, zikaelea vizuri bila kushikana. Sumaku ya nje inapita kwenye silika kama mwanga upitavyo kiooni. Mwenye nguvu amepata stara, na mwenye stara amepata nguvu.

Shati hilo hushonwa namna gani? Njia maarufu imetokana na kazi ya Werner Stöber na wenzake wawili, Arthur Fink na Ernst Bohn, waliyoichapisha mwaka wa 1968. Wao walikuwa wakitengeneza vijiduara vya silika tupu, na baadaye watafiti wakaitumia njia hiyo kuvika chembe nyingine. Chembe za magnetaiti hutiwa katika mchanganyiko wa ethanoli na maji, amonia kidogo huongezwa, halafu hutiwa polepole kemikali iitwayo tetraethili othosilikati. Kemikali hii ina silikoni katikati na mikono minne. Maji huikata ile mikono, na silikoni zikabaki zinashikana zenyewe kwa zenyewe kupitia oksijeni: silikoni, oksijeni, silikoni, oksijeni, kama wanawake wanaosuka kiondo kuzunguka kibuyu. Ukitia kemikali kidogo, shati linakuwa jembamba. Ukizidisha, linakuwa koti.

Kemikali hiyo hatukuwa nayo. Ipo njia nyingine ya bei nafuu, ya kutumia sodiamu silikati, kimiminiko kizito kama asali ambacho wengine hukiita kioo cha maji. Hutengenezwa kwa kuyeyusha mchanga wa silika pamoja na magadi soda katika joto kali sana. Mchanga tunao hapa, na magadi yako Ziwa Magadi, jirani zetu! Mwalimu aliazima chupa moja kutoka shule nyingine. Tulipika magnetaiti mpya, tukaiosha, tukaitia katika maji ya moto pamoja na kioo cha maji kilichozimuliwa, halafu tukatia asidi ili silika itoke majini ikae juu ya chembe.

Haraka haraka haina baraka, wahenga hawakukosea. Mimi ndiye niliyeshika asidi, nikaimwaga yote kwa mpigo mmoja. Chupa nzima ikaganda kama uji wa muhogo, chembe zimekwama ndani kama mbegu za pasheni. Silika ilikuwa imetoka upesi mno, ikajishonea blanketi moja badala ya mashati elfu. Nililala na aibu siku hiyo.

Wiki iliyofuata tulirudia. Tone moja, koroga. Tone jingine, koroga. Tuliendelea hivyo kwa saa tatu, tukipokezana kama wabeba maji, mpaka karatasi ya kupimia asidi ikaonyesha karibu pH 7. Tukavuta chembe kwa sumaku, tukamwaga maji, tukaosha mara tano. Kisha tukaweka neli mbili sambamba: moja uchi, moja yenye shati. Tukadondosha asidi ile ile katika zote. Neli ya uchi ikaanza kugeuka manjano. Ile yenye shati ikakaa nyeusi tulipokuwa tukiitazama, hadi kengele ya kurudi nyumbani. Hadubini ya kuonyesha shati lenyewe hatuna, kwa maana inahitaji hadubini ya elektroni. Lakini asidi ilitutolea ushahidi wake, nami nikaupokea.

Sasa turudi kwa baba Namanga. Mtu alipochokorwa puani, ile pamba ilitiwa katika maji yenye chumvi kali za kupasua virusi. Kirusi kikipasuka, uzi wake wa RNA, ule ulioandikwa jina lake, unaelea pamoja na makamasi, protini na takataka nyingi. Uzi huo ni lazima utolewe safi. Katika chumvi nyingi, RNA na DNA hupenda kushikamana na silika. Mganga mmoja wa maabara huko Amsterdam, René Boom, pamoja na wenzake, walionyesha jambo hilo wazi mwaka wa 1990. Basi zikitiwa chembe zenye shati la silika, RNA inashika shati. Sumaku inaletwa kando ya neli. Chembe zote zinakuja mbio na mateka wao, takataka zinamwagwa. Zinaoshwa kwa alkoholi. Mwisho hutiwa maji safi yasiyo na chumvi, na RNA inaliachia shati. Iliyobaki ni kazi ya mashine ya PCR. Mashine nyingi kubwa za kupima korona zilifanya kazi kwa namna hiyo, na mashine za namna hiyo hutumiwa pia kupima kiasi cha virusi vya UKIMWI katika damu.

Mnaona basi? Mwaka wa 2020 dunia nzima iligombania vifaa hivi. Nchi zilizovitengeneza zilijihudumia kwanza, na waliokuwa mwisho wa foleni wakalala chini ya lori. Linaloniuma ni hili: mapishi hayakuwa siri. Mwaka wa 2019, kabla ya korona, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago kule New Zealand pamoja na wenzao wa Stuttgart, Ujerumani, walichapisha hadharani namna ya kupika chembe za sumaku zenye silika katika maabara ya kawaida, kila mtu asome bure. Chumvi za chuma, amonia, silika na sumaku. Kilichopungua kwetu si mchanga.

Sisemi kwamba chembe zetu za Jumamosi zinaweza kupima mgonjwa. La hasha! Chembe za hospitali lazima ziwe safi, ziwe sawa sawa, zipimwe na kuthibitishwa na wataalamu. Shati lenye tundu halisitiri, na jibu la uongo hospitalini linaweza kuua. Aidha, unga wa chembe hizi ukikauka usivutwe puani. Ninachosema ni kwamba umbali kati ya maabara yetu na ile ya wakubwa si kama mbingu na ardhi. Ni umbali wa masomo, vifaa na subira ya tone moja moja.

Kila siku nikivuka mto naona koleo zikipakia mchanga. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka wa 2015, kwa sababu mchanga ukiisha maji nayo yanatoroka, na sisi tunachimba visima vyetu humo humo. Lori likijaa linakwenda kujenga ghorofa za wengine. Nami najiuliza: je, tutauza mchanga kwa lori mpaka lini, halafu tuununue kwa tone ukiwa katika chupa ndogo?

Jioni moja nilimpelekea susu neli ile yenye shati. Macho yake hayaoni vizuri, lakini nilipoisogeza sumaku aliona weusi ukihama. Nikamwambia, "Susu, hii ndiyo dawa iliyomweka baba Namanga. Tumeijaribu hapa." Aliishika muda mrefu. Kisha akasema, "Basi ongezeni moto."

Jibu la kitendawili mmeshalijua: ni chembe ya sumaku iliyovikwa silika. Mji wenu nimewarudishia. Lakini nawaachia methali moja ya kutafuna njiani: nguo ya kuazima haisitiri. Tushone yetu.

Ni mimi wenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Matiliku.